Maji Niliyokufungia

Kitale, Jumapili jioni

Mwanangu Wekesa,

Mambo ya safari mama yako amekwisha kuyamaliza. Nimemsikia kutoka hapa sebuleni akikuhimiza kuhusu neti ya mbu, shuka nyepesi na viatu vya wazi kwa ajili ya joto la Lodwar, na mahali kitakapokaa kile kikasha baridi cha dawa ili kisipigwe na jua ndani ya gari. Sina la kuongeza hapo. Nimekaa kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa miaka minane, na tumekuwa tukila meza moja.

Wiki jana nilipovaa koti ili niende ofisi ya elimu kuomba wakubadilishie shule ya kufundisha, wakupeleke mahali penye maji ya kutosha, ulinizuia mlangoni. Ulisema, "Baba, wacha tu. Nitaenda kama wengine." Nikakuuliza kama umemwandikia mwalimu mkuu wa huko kuhusu ugonjwa wako. Ukajibu, "Hakuna haja, si nitajipanga." Ulisema kwa upole, hata ukanikung'uta vumbi begani. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Mtu mwenye ugonjwa wako akikosa maji siku moja Turkana, kesho yake hayupo, na wewe unakwenda kuishi na watu ambao hawatajua. Upole huo wa kuficha kiu hukuzaliwa nao. Nilikufundisha mimi.

Ilikuwa 1987. Ulikuwa umepanda darasa la sita. Mama yako ndiye aliyeona kwanza kwamba unakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani, na kwamba godoro lako halikauki. Shuleni walikuwa wamekupa jina la Tangi. Siku moja nilikuja kukuchukua nikawasikia wenzako getini: "Tangi, leo umejaa ama tukuongeze?" Ukacheka pamoja nao. Mimi sikucheka. Niliona wanalicheka jina langu.

Kwanza nilifikiri ni ugonjwa wa sukari, kwa maana babu yako mdogo kule Sirisia alikufa nao. Wazee walikuwa na kipimo chao: mkojo wa mwenye sukari huita sisimizi. Basi nikachukua mkojo wako kwenye kikopo, nikaumwaga juu ya jiwe bapa nyuma ya jiko, karibu na njia ya sisimizi, na kando yake nikamwaga maji yenye kijiko cha sukari ili nilinganishe. Unajua ninavyopenda kulinganisha. Huko ghalani hatupokei gunia la mahindi bila kupima unyevu wake. Nilirudi baada ya chai. Sisimizi walikuwa wamelizunguka lile doa la sukari, na lako walipita kando kama vile ni umande. Baadaye nikakupeleka zahanati, wakachovya karatasi yao, wakasema vilevile: hakuna sukari. Nilitoka pale nimeridhika. Katika shajara yangu niliandika maneno mawili, "Ni tabia." Kipimo kilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu, niliyedhani kwamba ugonjwa ninaoujua mimi usipokuwapo, basi hakuna ugonjwa.

Tabia hurekebishwa, nikajiambia. Nikaanza kukirekebisha kisichokuwa na kosa. Kila jioni nilizungusha kile kichwa cha mfereji wa uani, nikaking'oa na kukitia mfukoni. Pipa la jikoni nililihamishia stoo nikapiga kufuli. Mama yako aliniuliza, "Na mtoto akiamka na kiu?" Nikamwambia, "Ataizoea. Jeshini wanaizoea." Jeshini sikuwahi kufika.

Jumamosi moja nilikukuta nyuma ya jiko umepiga magoti kwenye karai ambamo dada yako alikuwa amesuuzia sufuria. Yale maji yalikuwa na povu na masizi. Nilivua mshipi. Nilipokupiga mara ya kwanza hukuacha kunywa wala hukuruka. Ulimeza haraka zaidi. Mtu yeyote mwenye macho angeelewa pale pale kwamba mtoto hanywi maji ya karai chini ya mshipi kwa ukaidi. Mimi niliona ukaidi, nikaendelea.

Sasa nije kwa Agosti ya 1988, ambayo watu wa nyumbani wanaijua kwa namna moja na mimi naijua kwa nyingine.

Mwaka wa tohara ulifika na wewe mwenyewe ukaomba. Ulinishangaza. Ulikuwa mwembamba, lakini ulishika kengele za kualikia ndugu ukazipiga vizuri, na sauti yako iliwafanya shangazi zako walie. Hofu yangu haikuwa kisu. Hofu yangu ilikuwa mkojo. Kwetu mvulana akisimama mbele ya kisu hapaswi hata kupepesa macho, na nilikuwa nimeona kijana wa Lwakhakha aliyejikojolea akisimama. Leo ana wajukuu na bado watu hutikisa kichwa anapopita. Nikasema moyoni, Wekesa hataleta hilo nyumbani kwangu. Asiyekunywa hakojoi. Nilikuwa na hesabu nzuri kabisa, kama kila mara.

Asubuhi ya kwenda Chwele kwa mjomba wako Makokha kupokea nyama na baraka, nilimwita binamu yako Wasike, aliyeongoza wasindikizaji. Nikamwambia tangu sasa hadi kesho mtoto asipewe maji, wala uji, wala chochote cha kunywa. Wasike akasema, "Lakini Baba Mdogo, huyu midomo tayari imepasuka." Nikamjibu, "Kesho akikojoa mbele ya watu, wewe utasimama badala yake?" Vijana wakacheka. Wewe ulikuwa karibu ukifunga kengele. Ulisikia. Ukaendelea kufunga.

Mlikimbia na kucheza njia yote, mkipita nyumba moja hadi nyingine. Yaliyotokea kwa mjomba wako nimesimuliwa kikamilifu juzijuzi tu. Alikuwa amechinja, na akakuvika ile nyama shingoni kama desturi inavyotaka. Ulianza kusema maneno yasiyoshikana. Ulimwita mjomba wako "mwalimu" na kumwomba ruhusa ya kutoka darasani. Halafu miguu ikakuishia. Mke wa Makokha alikuja mbio na kata ya maji, Wasike akamzuia mkono.

"Tumekatazwa, mama."

Makokha akauliza, "Mmekatazwa nini? Maji?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na baba yake."

Mjomba wako hakubishana. Alikulowesha midomo na kichwa, akakubeba mgongoni hadi sokoni, akasimamisha pikapu ya mtu wa kabichi, wakashusha kabichi barabarani wakakulaza pale. Nilipofika hospitali ya Bungoma ulikuwa na chupa ya pili ya maji ikiingia mkononi, na nyama bado imo ndani ya mfuko chini ya kitanda, inzi wakiizunguka.

Ulipofumbua macho, tabibu alikuuliza, "Kijana, leo ulikunywa maji?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda nimeshika kofia. Ulinitazama. Si kwa muda mrefu. Kisha ukamwambia, "Nilisahau."

"Ati ulisahau? Mtu anasahau maji na mbio zote hizo?"

"Nilisahau kunywa."

Yule tabibu akacheka, akaandika. Mimi nikanyamaza. Wekesa, katika maisha yangu nimefanya mabaya ambayo nimeyatubu na mengine nimeyalipa, lakini hakuna linaloniamsha kama ukimya ule. Mtoto aliyekuwa karibu kufa kwa mkono wangu alinifunika nguo mbele za watu, nami nikaivuta nguo nikajifunika vizuri zaidi.

Kwa bahati yule tabibu hakuridhika na kusahau kwako. Aliona kwamba mwili wako mkavu ulikuwa bado unatoa mkojo mwingi, mweupe kama maji ya mvua, akasema hilo haliingii akilini. Ndiyo sababu tulipelekwa Nairobi, kwa yule daktari mwanamke mwenye miwani ya kamba. Yeye ndiye aliyetuchorea kichwa nyuma ya kadi. Alisema kuna sehemu ya ubongo inayotengeneza homoni ya kuziambia figo zishike maji, na chini yake lipo tezi dogo, kama njegere, linaloihifadhi na kuitoa mwili unapokauka. Nikamwambia, "Yaani shamba liko juu, na ghala liko chini." Akasema, "Hapo umeshika, mzee. Sasa kwa kijana wako, gunia halifiki barabarani. Figo hazipati amri, zinaachilia maji yote." Akasema kiu yako haikuwa kosa. Kiu ndiyo iliyokuwa imekuweka hai mwaka mzima.

Mwaka mzima huo nilikuwa nimeifungia kufuli.

Kuna jambo la huko Nairobi ambalo hulijui, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nje ya mlango. Ili wawe na hakika, ilibidi wakunyime maji. Daktari alinieleza mapema: ulikuwa umekunywa vya kutosha na kupata nguvu, na sasa wangekuzuia kwa saa chache, wakikupima uzito kila saa, wakipima damu na mkojo, na mizani ikishuka hadi mahali fulani wangesimamisha. Nilikaa kwenye benchi nikasikia ukisema, "Sista, naomba funda moja tu." Sista akakujibu, "Bado kidogo, kijana wangu. Niko hapa, siendi popote." Kila ulipoomba alikujibu. Hakukuita mkaidi. Nilitoka nikaenda nyuma ya jengo karibu na mahali pa kufulia, nisiendelee kukusikia. Lile lile nililofanya mimi lilikuwa linafanywa mbele yangu, kwa mizani na kwa huruma, ili kukuponya. Nilikuwa nimejidai mtu wa vipimo, na wewe sikuwahi kukupima hata mara moja.

Kisha wakakutilia ile dawa puani. Walikuonyesha kile kimrija laini chenye alama, ncha moja puani, nyingine mdomoni, unapuliza. Ulikuwa mnyonge mno kupuliza, kwa hiyo daktari akasema, "Baba atampulizia." Nilipiga magoti. Tulikuwa uso kwa uso, nikakupulizia, na ulipiga chafya ukacheka. Baada ya muda mkojo ulipungua na kuwa na rangi, mara ya kwanza tangu ulipougua. Daktari alifurahi akaonyesha chupa kwa wenzake. Picha ya kichwa haikuonyesha uvimbe. Alisema wakati mwingine sababu haijulikani, na kwamba dawa hii huleta ile homoni kutoka nje, haiamshi tezi, hivyo huenda ukaitumia maisha yote.

Ningependa barua iishie hapo. Lakini nilikosea tena, na mara hii kwa upendo, ambao nilidhani haukosei.

Tulirudi Kitale. Dawa ilikaa kwenye friji ya Mama Naliaka wa duka, nawe ukaanza kulala mkavu. Aibu ilikuwa inanichoma, nikaigeuza kuwa jagi. Kila nilipopita nilikumiminia. Ulisema, "Baba, sina kiu." Nikasema, "Kunywa." Ukasema, "Nimeshiba." Nikasema, "Kunywa, mwanangu, hapa nyumbani maji hayatakatazwa tena." Daktari alikuwa ameeleza wazi: kunywa ukihisi kiu, usizidishe, kwa sababu dawa ikifanya kazi maji hayatoki. Nilisikia nusu, ile nusu iliyonifaa mimi. Wiki haikuisha ukaumwa kichwa, ukatapika, na siku ya nne ukaanguka jikoni ukishikwa na kifafa. Hospitalini waliniambia nimeizimua damu yako kwa maji. Mama yako alisimama ukumbini akaniambia kitu kimoja tu: "Kwanza ulimkausha, sasa umemzamisha. Utamwuliza lini mtoto mwenyewe?"

Nimelizungusha swali lake miaka yote hii. Nilikufungia maji bila kukuuliza, na nilikunywesha bila kukuuliza. Mara zote mbili nilikuwa nashughulikia aibu yangu. Mwili ulikuwa wako tu.

Kwa kuwa ulikuwa umeanguka katika boma la mjomba, maneno yakaanza. Watu walisema mkono wa Makokha ni mzito, kwamba baraka yake ilikuwa na kinyongo, wengine wakasema mkewe alitia kitu kwenye nyama. Unajua kwetu jambo kama hilo linavyokua. Nilichotakiwa kufanya ni kusema sentensi moja: nilimkataza mtoto maji. Sikuisema. Nilipoulizwa, niliitikia, "Mungu ndiye anajua," na watu walifahamu walivyotaka. Desemba ukatahiriwa hospitalini kwa sindano ya ganzi, na wenzako wa rika wakapata la kusema. Hadi juzi kwenye arusi ya Wasike nilimsikia mmoja: "Huyu wa ganzi apewe kiti, asije akaumia." Ulicheka, kama ulivyowachekea wale wa getini. Nami nikainamia sahani yangu.

Kwa hiyo jana sikwenda kazini, kama nilivyowaambia. Nilikwenda Chwele.

Nilimkuta mjomba wako nyuma ya kibanda chake sokoni akichambua vitunguu. Hakusimama.

"Shemeji," akasema, "umekuja kununua?"

"Nimekuja na neno."

"Miaka minane. Hata kitunguu kingekuwa kimeoza. Haya, keti kwenye gunia."

Nikaketi, nikamwambia yote, tangu kichwa cha mfereji hadi maneno niliyompa Wasike. Aliendelea kuchambua, vizuri huku, vibovu kule. Nilipomaliza akasema, "Mbona hayo nilikuwa nayajua? Wasike alisema siku ile ile, na mke wangu alikuwepo."

"Sasa kwa nini ulinyamaza? Wameliita boma lako la wachawi."

"Wameliita, ndiyo. Mke wangu ameacha kualikwa kupika kwenye matanga." Akatupa kitunguu kibovu. "Nilikuwa tayari kuja kwako na wazee. Lakini kwanza nilikwenda kumwona mtoto wodini, nikamwambia nitasema. Akanishika kidole. Akaniambia, 'Khocha, ukisema, baba ataaibika.' Mtoto wa dada yangu ameniomba kitu kitandani, nami ni khocha, mjomba wake. Ningemkatalia? Nikabeba."

Nikainama nikafuta macho. Yeye ndiye aliyenionea huruma, akasema, "Usilie hapa bana, watasema vitunguu vyangu ni vikali." Mkewe hakutoka kunisalimia, na ni haki yake. Jumapili ijayo nitasimama kanisani kule Chwele baada ya ibada, niseme mbele yake na mbele ya walioeneza. Makokha amenipa ruhusa. Sikuambii ili unisifu. Nakuambia kwa sababu wewe pia ulikuwa umeubeba mzigo huu, tena tangu utotoni, na ni lazima ujue umeshushwa.

Nimeelewa sasa kwa nini hukumwandikia mwalimu mkuu wa Lodwar. Ukimwambia kuhusu dawa atauliza ilianzaje, na wewe umezoea kufika hapo ukageuza njia kwa ajili yangu. Mwanangu, usigeuze tena. Sikuagizi saa za dawa. Umezijua kuliko mimi, na unajua kusubiri mkojo ufunguke kabla ya kupuliza tena. Kiu yako unaijua wewe peke yako, wala mimi wala daktari hatuwezi kukusomea. Ninachokuomba ni kimoja. Siku utakayoripoti, kabla hujafungua sanduku, mwambie mwalimu mkuu, na umwambie yule mtakayekaa naye nyumba moja, kwamba bila dawa na bila maji utakufa haraka. Wafundishe kile kimrija, ili ukilala hoi awepo wa kukupulizia.

Watakuuliza umejuaje kwamba ni haraka hivyo. Usiseme ulisahau kunywa. Waambie, "Baba yangu alinifungia maji." Nitaje kwa jina, na wakitaka waambie ninakofanya kazi. Mimi ni mtu mzima, Wekesa. Naweza kuaibika, na nikaamka kesho yake.

Baba yako,
Joramu Wafula